Zamu Aliyoikosa Chozi

Makande hayajaiva, na mwiko nimeushika mimi, kwa hiyo hakuna anayeondoka. Wekeni majembe chini. Mfereji haujaisha kuzibuliwa na nyie hamwezi kuzibua kwa njaa. Kajiru, sogea huku, moshi unakufuata kwa sababu umekaa upande wake, halafu unalalamika kana kwamba mimi ndiye niliyeutuma.

Huyu Kajiru asubuhi alitaka kulikata lile tawi la mbuni lililoinamia mferejini. Mmeliona lile tawi? Pale mwisho kinaning'inia kijifuko cha manyasi na utando wa buibui. Nilipomshika mkono akaniambia, Bibi, si kijifuko tu? Kijifuko tu! Ndani yake ameketi mama wa watu juu ya mayai mawili yasiyozidi maharage haya ninayoyakoroga. Nikamwambia panga lake alipeleke kwingine. Akaona aibu, kisha akauliza swali la maana, na hilo nampongeza kwa sababu si kawaida yake. Aliuliza kwa nini yule dume anayeng'aa, yule mwenye kijani na utepe mwekundu kifuani, anazunguka tu nje akipiga kelele, wala haingii kumpokea mwenzake hata mvua ikinyesha.

Nitawaambia. Hadithi hii nilipewa na shangazi yangu Namkunda, aliyekuwa akifinyanga vyungu kule juu, na hakuipenda hata kidogo. Kila aliponisimulia alikuwa amenuna, udongo umemjaa mpaka viwikoni, na akimaliza hakutaka kuulizwa. Mimi mkitaka kuniuliza niulizeni, ila majibu sina mengi.

Huko mwanzo kabisa, watu na ndege walipokuwa wakisikilizana na kugombana kama majirani, Chozi, huyo huyo ndege wa mferejini, hakuwa na rangi yoyote ya kutajwa. Alikuwa kama jani la mgomba lililokauka. Dume na jike walifanana mpaka mama mkwe mwenyewe alikuwa akikosea, anamsalimia mkwewe akidhani ni binti yake. Wao hawakujali. Walikuwa wawili wadogo wanaopendana, wanakunywa asali kwenye ua la mgomba, mmoja upande huu na mwingine upande ule, wanatazamana katikati.

Kazi zao walizigawa kwa zamu, na zamu walijifunza kwenye ndiva. Wageni wa huku wasioijua, ndiva ni lile bwawa dogo la udongo pale juu, tunaloliziba jioni ili maji yajae yakilala, asubuhi tuyafungulie mferejini. Sheria zake ni za tangu enzi hizo. Kuna jiwe, na kuna kijiti kilichosimikwa mbele ya jiwe. Kivuli cha kijiti kikigusa alama yako, maji ni yako. Kikigusa alama ya mwenzako, unaacha, unachukua jembe lako, unakwenda zako. Hakuna kumngojea mwenzako pale mlangoni mwa maji mpaka afike. Kumngojea ni kumwambia humwamini, na watu wamewahi kununiana miaka kwa jambo hilo. Na kama mtu amekosa zamu yake kwa msiba au ugonjwa, hapotezi. Maji yake yanalala ndivani, na siku ya pili anapewa zamu mbili.

Ni sheria nzuri. Baba zetu walikula kwa sheria hiyo na sisi tunakula. Lakini ni sheria ya maji.

Chozi na mkewe waliichukua vilevile ilivyo wakaipeleka kiotani. Asubuhi mke anaatamia mayai, dume anakwenda kutafuta chakula. Kivuli cha kiota kikifika kwenye kifundo fulani cha tawi, mke anatoka bila kugeuka nyuma, na dume anaingia. Hivyo kutwa, hivyo kila siku. Walijivunia utaratibu wao, na ndege wengine waliokuwa wakigombana nyumbani waliambiwa waende kujifunza kwa akina Chozi.

Sasa mwaka huo haukuwa mwema kwao. Kiota cha kwanza kiliangushwa na upepo. Cha pili nyoka alikiingia. Cha tatu walikijenga kwenye mbuni, kwa utando wa buibui waliokuwa wakiuokota kwa siku tisa, na mke akataga mawili. Mvua za vuli zilikuwa zimeanza, maua yalikuwa yakifunguka, na kama mayai hayo mawili yangepotea, hakukuwa na uhakika wa mengine mwaka huo. Hilo walilijua wote wawili. Walikuwa hawalisemi, lakini jioni, kabla hawajalala, kila mmoja aliyagusa mayai yale kwa mdomo, moja, na la pili, ndipo wakafumba macho.

Katikati ya siku hizo ukatangazwa msaragambo, kama huu wetu wa leo. Watu na ndege wote waitwe, ndiva isafishwe tope. Chozi alifika kabla ya jua. Alibeba tope kwa ule mdomo wake mwembamba, punje kwa punje, akapeleka ukingoni, akarudi, mpaka mabawa yakawa yanamtetemeka. Alikuwa amemwomba mkewe akae zamu mbili siku hiyo, naye angemlipa kesho yake, na mkewe alikubali, akakaa na njaa yake. Jioni majina yakasomwa. Kanga yupo. Hondohondo yupo. Kunguru yupo, na wote tunajua Kunguru alikuja saa ngapi. Wakafika kwa Chozi. Chozi akaitika. Hakuna aliyemsikia, na hakuna aliyemwona, kwa kuwa alikuwa amekaa juu ya tope na rangi yake ilikuwa ya tope. Mzee wa ndiva akaita mara ya pili, akatikisa kichwa, akasema Chozi hakuja.

Alipigwa adhabu ya mtoro. Alipangiwa kurudi kesho yake peke yake, azibue kipande cha chini mbele ya kila apitaye. Alijaribu kujieleza. Kanga, aliyekuwa karibu kumkalia, akasema yeye alidhani ni jani, na watu wakacheka, hata pombe ya dengelua ikamwagika. Wala hawakucheka kwa ubaya. Walikuwa wamechoka, na mtu aliyechoka hucheka ovyo.

Kesho yake alizibua, peke yake, na kila aliyepita alisema, ehe, mtoro huyo. Mkewe akakaa zamu mbili tena. Mnaona hilo deni linavyokua? Wala hakumlaumu mumewe. Alimwambia jioni kwamba yeye anamwona, na hiyo inatosha. Maneno matamu hayo, na mimi nawaambia yalipaswa kutosha. Chozi aliyasikia, akaitikia, na usiku kucha lile neno la mtoro likamla.

Basi. Huko juu ya kijiji alikuwapo mhunzi, mzee Mashombo, wa ukoo wa wahunzi tangu babu na babu. Moto wake aliuwasha kiangazi tu, wakati makaa ni makavu, akafua majembe ya msimu, na mvua zilipokolea aliuzima mpaka mwaka mwingine. Mwaka huo alichelewa kuuzima, kwa sababu alikuwa akimfulia binti yake bangili za shaba za harusi. Habari ikafika kwa Chozi kwamba kiwandani kwa Mashombo kuna chembe za shaba zimetapakaa sakafuni, nyekundu, za kijani, nyingine za zambarau zilipoungua, na mzee hana kazi nazo.

Asubuhi iliyofuata mkewe alikaa zamu yake. Chozi akamwambia anakwenda kuzunguka kidogo. Hakusema anakwenda wapi. Angesema, mkewe angemuuliza maswali, na yeye hakutaka maswali. Hapo ndipo shangazi yangu alipokuwa akiufinya udongo kwa nguvu mpaka chungu kinapinda.

Kiwanda cha mhunzi kina miiko yake. Anayetaka kufuliwa kitu anavuta mivukuto mwenyewe, ile mifuko ya ngozi inayopuliza moto, na akishaanza haondoki mpaka kazi itoke, maana moto ulioachwa katikati huharibu chuma na humharibia mhunzi mkono. Ndiyo maana kabla hajampokea mtu, mzee Mashombo aliuliza swali moja, na aliwauliza wote, mkubwa kwa mdogo.

"Umeacha nini nyumbani?"

Ukisema nimeacha mgonjwa, anakwambia nenda, urudi siku nyingine. Ukisema nimeacha chungu jikoni, anakwambia nenda. Mkewe Mashombo, mama mmoja mtulivu aliyekuwa akichambua makaa pembeni, ndiye alikuwa shahidi wa majibu.

Chozi akaangalia ule moto. Akaambiwa leo ndiyo siku yake ya mwisho, bangili zimebaki mbili, zikitoka na moto unazimwa mpaka kiangazi kijacho. Akapiga hesabu ya kivuli. Akajiambia kwamba hata akikosa zamu moja, si atalipa? Kesho atakaa mbili. Yeye mwenyewe mkewe alimkalia zamu mbilimbili siku mbili, na dunia haikuanguka. Maji hulala ndivani yakamngoja mwenyewe.

"Sijaacha kitu," akasema.

Mama yule akainua macho kutoka kwenye makaa. Akamuuliza kwani yeye si yule wa kwenye mbuni, anayesemekana mkewe ametaga. Chozi akajibu kwamba mkewe yupo, kila kitu kiko sawa, na huo haukuwa uongo mtupu, ulikuwa uongo wa nusu, ambao ndio mbaya zaidi kwa sababu mtu analala nao vizuri. Mama akarudi kwenye makaa yake.

Chozi akavuta mivukuto. Vipi ndege kama yule avute mivukuto? Hakuivuta, alisimama hewani mbele ya moto akapiga mabawa haraka haraka, mpaka hayakuonekana tena, na moto ukawaka kuliko siku zote. Mzee Mashombo alifurahi. Akazikusanya chembe za shaba kwa ufagio, akaziyeyusha kidogo kidogo, akampaka manyoya moja baada ya jingine, akamkung'uta kwa nyundo ndogo ya bangili. Kichwa na mgongo kijani. Kifuani akamzungushia utepe mwekundu kutoka kwenye shaba ya harusi yenyewe. Mkia akauchovya kwenye zambarau. Kazi kama hiyo haina haraka, nayo haikufanywa kwa haraka.

Huku nyuma kivuli cha kiota kilifika kwenye kifundo. Mke wa Chozi alikuwa na njaa ya siku tatu. Alisikiliza kidogo, hakusikia mabawa, na bado akatoka, kwa sababu hiyo ndiyo sheria. Hukai mlangoni kumngojea mwenzako. Angekaa, angekuwa anasema mumewe ni mtoro kweli. Tangu msaragambo ule alikuwa ameapa moyoni kwamba kama dunia nzima itamwita mumewe mtoro, yeye hatafanya jambo lolote lenye sura hiyo. Kwa hiyo alitoka bila kugeuka, akaenda kwenye migomba ya ng'ambo, akanywa.

Mvua ikamkuta huko. Si mvua ya kucheza, ile inayoshuka na ukungu, ya baridi, inayokuingia kwenye mifupa. Alijibanza chini ya jani la mgomba akatetemeka, na alichokuwa akifikiri, shangazi alisema, ni kwamba afadhali mwenzake yuko ndani na mayai yana joto. Alikuwa anafurahi. Hilo ndilo huwa linanichoma mimi.

Chozi alitoka kwa mhunzi mvua ikiwa imeanuka kidogo. Kivuli hakikuwapo cha kumwonyesha muda, mawingu yalikuwa yamefunga, lakini moyo wake ulijua. Angeruka moja kwa moja, huenda angewahi. Sisemi angewahi. Nasema huenda. Njia yake ikapita juu ya ndiva, na pale ukingoni ndege walikuwa wanajikung'uta maji. Jua likatoboa kidogo likampiga. Wote wakageuza vichwa. Kanga akasimama, akampisha, akamuuliza kwa adabu yeye ni kijana wa nani na anatoka milima gani. Mzee wa ndiva akakohoa, akamkaribisha mahali pa juu. Chozi akatua. Akajitazama majini, akageuka upande huu na upande ule. Akasema jina lake, wakabisha, akalirudia, na safari hii wote walilisikia.

Alikaa kiasi gani? Shangazi hakujua. Alisema alikaa muda wa mtu kunywa kibuyu kimoja. Ni muda mfupi huo, ukiwa una furaha hata huuoni.

Alipofika kwenye mbuni alimkuta mkewe amesimama mdomoni mwa kiota, amelowa, hajaingia ndani. Mkewe hakumtambua. Aliona kitu kinawaka kinamjia, akatanua mabawa kulinda mlango. Chozi akamwambia ni mimi, na ile sauti mkewe aliifahamu. Akamtazama kutoka kichwani hadi mkiani. Hakumuuliza amevaa nini.

"Nilidhani uko ndani," akamwambia.

Chozi akasema atalipa. Kesho atakaa kutwa, na kesho kutwa, na siku zote mpaka yaanguliwe, yeye mke asiguse kazi. Mkewe akampisha mlangoni, akamwambia aingie, ayaguse.

Akaingia, akayagusa kwa mdomo, moja, na la pili. Yalikuwa na baridi ya jiwe.

Akakaa juu yake. Alikaa siku hiyo, na iliyofuata, na ya tatu, bila kula, ile shaba yake yote ikimulika kwenye kuta za manyasi. Mkewe alikuwa tawini akimwacha akae. Alijua, na Chozi alijua, lakini mtu hujaribu. Usicheke, Kajiru, hata mimi nimewahi kukaa na kitu cha baridi mapajani nikikifunika blanketi juu ya blanketi, mama mkwe wangu ananiambia Nanzia, mwanangu, mwache apumzike, na mimi ninamwambia bado kidogo. Miaka arobaini na sita imepita. Harakisheni hizo kuni, moto unalegea.

Mnataka niseme majuto ni mjukuu. Sisemi. Mjukuu ninaye, ananitelekea maji na kunifungia mbuzi. Majuto hayajawahi kunisaidia kitu.

Siku ya nne mkewe alimtoa. Akafumua utando, akabeba mayai yale akayazika kwenye majani ya mbuni, akaanza kiota kingine peke yake. Chozi alikuja na nyuzi za buibui mdomoni, akaziweka tawini. Mkewe akazipita, akaenda kutafuta zake. Na hiki cha sasa akakijenga tofauti. Juu ya mlango akatokeza kijipaa, kibaraza kidogo, ambacho hakikuwapo kwenye viota vya zamani. Mkikitazama kile cha mferejini mtakiona, ila tazameni kwa macho, mikono yenu muiache nyumbani.

Kwa bahati mvua zile zilirefuka, naye akataga tena. Siku ya kwanza ya kuatamia, kivuli kilipokaribia kifundo, Chozi alikuwa amekwisha kufika, mapema kuliko alivyowahi kufika maishani mwake. Akatua mlangoni akangoja mkewe atoke. Kivuli kikagusa, kikapita. Mkewe hakutoka. Akamtazama kwa upole, na upole huo ndio uliommaliza, kwa sababu alikuwa amejiandaa kwa matusi. Zamani alikuwa akimwita mwenzangu. Siku hiyo hakumwita hivyo.

"Karibu, mgeni," akamwambia. "Kaa hapo barazani."

Akamweleza kwa sauti ya kawaida tu. Kwamba amekuwa akiwaka kama kaa la moto, na mwewe aliye juu ya mlima mwingine atamwona akiingia na kutoka, atajua mayai yako wapi. Kwamba yeye bado ana rangi ya jani, na jani hakuna anayelitafuta. Hayo yalikuwa kweli. Chozi alitaka aambiwe lile jingine, lililo chini ya hayo. Hakuambiwa. Mkewe hakumfukuza. Angemfukuza, angekuwa na pa kuanzia kuomba msamaha.

Akapaa hadi kwa Mashombo. Moto ulikuwa umezimwa, majivu yamelowa, binti ameshaolewa. Alimkuta mzee anapanda mahindi. Akamwambia aichukue shaba yake, aitoe yote, hata kwa koleo, hata na ngozi. Mzee alikaa juu ya jembe lake akamsikiliza mpaka mwisho, na alipomaliza alikuwa mzee zaidi kuliko alipoanza. Akamwambia alimuuliza, na kila anayemjia anamuuliza, kwa sababu ya siku kama ile. Mkewe Mashombo akasema yeye ndiye wa kulaumiwa, yeye alijua ni wa kwenye mbuni, akanyamaza kwa heshima ya mgeni. Walikaa pale watatu, kila mmoja akijichukulia kipande chake cha kosa, lakini vipande hivyo hata vikiwekwa pamoja haviatamii yai.

Kisha mzee akamwambia ukweli wa kazi yake. Shaba ile ilishashika kwenye mizizi ya manyoya. Angeweza kuikwangua, lakini kwa moto, na moto hauwaki kwenye masika wala vuli. Aje kiangazi. Na hata akiikwangua, mizizi itabaki, mvua ikinyesha itachipua tena.

Akangoja. Mkewe aliangua, Chozi akaleta wadudu mdomoni akiwapitishia mlangoni, akisimama barazani. Watoto walikua, wakaruka. Maua yakakauka, ukungu ukapanda juu, kiangazi kikaingia, na siku ya kwanza ya moshi kule kwa mhunzi Chozi alikuwa mlangoni. Mzee akamkwangua siku nzima. Alipoondoka alikuwa wa rangi ya jani kavu, kama alivyozaliwa, amepungua, ana madoa madoa, na alikuwa anafurahi. Aliruka moja kwa moja. Alipita juu ya ndiva, na hakuna aliyemwona.

Kiotani hakukuwa na mtu wala yai. Vuli ilipoanza, kabla mkewe hajataga, shaba ilikuwa imeshaanza kuchomoza kifuani.

Na tangu siku hiyo ndiyo hivyo mnavyoona. Mvua zikiwapo na mayai yakiwapo, dume anang'aa mpaka macho yanauma, na yuko nje, analinda, anampigia kelele kila apitaye. Watu wanamwona wanasema tazama uzuri ule. Kiangazi anavua. Pitieni mferejini mwezi wa nane, maji yakiwa uzi tu, mtawakuta wawili wa rangi moja, hamtajua nani ni nani. Angalieni kwa utulivu. Mmoja ataruka hadi kwenye kiota cha mvua zilizopita, kilichotoboka, kinachopepesuka. Atatazama kulia na kushoto. Ataingia, atajigeuza mara mbili tatu, atatulia, atatandaza mabawa juu ya manyasi matupu. Mwenzake atakuwa tawini akimwangalia. Atakaa hapo mpaka jua lizunguke, halafu atatoka mwenyewe, kwa sababu hakuna anayekuja kumpokea.